Macho Meupe ya Nondo

Katika karakana ile, mwenye macho mekundu alikuwa salama kuliko mwenye macho meupe, ila watu walipokuja kulijua hilo, Nondo alikuwa amekwishapoteza nusu ya dunia.

Nondo ndilo jina alilopewa na wateja, kwa urefu wake na kwa ugumu wa shingo yake. Karakana aliirithi kwa marehemu baba yao pamoja na mashine ya kuchomelea, nyundo zisizo idadi na dada mdogo mwenye mdomo. Dada huyo kazi yake ilikuwa kupaka rangi, na kwa kuwa hakuna siku aliyorudi nyumbani bila madoa mikononi, mtaa mzima ulimwita Rangi. Hata mama yao alikuwa akijisahau na kumwita hivyo mbele ya wageni.

Kazi ilikuwa na mkondo wake. Nondo na fundi mwenzake, mtu wa mvi na masihara aliyeitwa Mzee Kijana, walikata chuma na kukichomelea. Kikitoka kwao kilikwenda kwa Rangi. Yeye ndiye aliyegonga gamba jeusi lililobaki juu ya mshono, akasugua kwa msasa, akaziba vitundu kwa puti, akapaka rangi ya chini na mwishowe rangi ya mafuta. Hakuna geti wala dirisha lililotoka pale bila mkono wake. Mteja alikuwa akipapasa rangi tu, akiona imekaa barabara, basi; ya ndani hakuuliza. Rangi alijua kwamba kwa kila kazi yeye ndiye wa mwisho kuona chuma kikiwa uchi.

Na ni yeye aliyeanza kuugua. Jicho lake la kushoto liliamka siku moja likiwa jekundu, likimuuma kwa ndani kama jino bovu, na mwanga wa mchana ukawa pilipili. Nondo alisema ni umbea, kwamba amezidi kuchungulia moto wa watu. Rangi alifunga jicho kwa leso akaenda zahanati.

Muuguzi wa macho, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, alimwekea kidevu kwenye mashine, akachungulia kwa muda mrefu, akasema hili si vumbi wala si mvuke wa rangi. Uvimbe ulikuwa ndani ya jicho lenyewe. Mwili wakati mwingine hujigeukia, na wake ulikuwa umeligeukia jicho. Alimpa chupa mbili. Moja ilikuwa ya kutanua mboni isije ikanata. Ya pili ilikuwa ya steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, nyeupe kama maziwa yaliyotiwa maji, na juu ya hiyo muuguzi alirudia maneno kama anayemfundisha mtoto kuvuka barabara. Itikise kwanza. Ncha ya chupa isiguse jicho. Tone moja, kisha fumba na ubonyeze kidole pembeni mwa pua. Mwanzoni kila saa, baadaye tutapunguza pole pole, na anayepunguza ni mimi. Usiiache ghafla hata ukijiona umepona, maana uvimbe utarudi na hasira. Usimpe mtu mwingine, hata akulilie. Na siku nitakayokuita kupima presha ya jicho, uje.

Kwa kuwa alitakiwa kutia kila saa, Rangi aliiweka chupa karakanani, ndani ya kopo la glavu safi, mbali na jua. Hapo ndipo balaa lilipopata mlango.

Mafundi wa kuchomelea wana ugonjwa wao wa siku zote. Wakitaka kushikiza vyuma viwili kwa haraka, nukta hapa nukta pale, hawavai kofia ya kioo cheusi. Hufumba jicho moja, hugeuza uso kidogo, huchomelea kwa kukisia. Kesho yake macho huwa kama yamemwagiwa mchanga. Nondo na Mzee Kijana walikuwa wamejaribu kila kitu: maji baridi, vipande vya viazi, majani ya chai. Nondo alipoona jicho la dada yake linaanza kutakata, alitia mkono kwenye kopo. Mchana ule ule macho yake yalikuwa meupe kama shati jipya. Akaita watu wote waone. Mzee Kijana naye akalaza kichwa nyuma akatiwa.

Rangi alipowakuta alimpokonya kaka yake chupa, akamwambia si yake na muuguzi amekataza. Nondo alicheka, na kabla juma halijaisha alikuwa na chupa yake mwenyewe mfukoni. Aliinunua duka la dawa la kona, na nyingine akamnunulia Mzee Kijana. Hakuna aliyemwuliza cheti cha daktari.

Rangi alifuata maagizo mpaka wenzake wakamchoka. Jicho likapoa, maumivu yakaisha, matone yakapunguzwa. Alipoitwa kupimwa presha, alikwenda akijua anakwenda kusifiwa. Muuguzi alipima, akapima tena.

"Imepanda," alisema. "Ulihisi nini?"

"Sikuhisi kitu."

"Ndivyo inavyokuja. Hii dawa, macho ya watu wengine inayapandisha presha, na presha ikikaa juu inakaba mshipa wa kuonea. Haiumi. Mtu anakuja kwangu mshipa umekwishakufa." Alimwandikia matone mengine ya kuishusha, akabadilisha mpango wa kupunguza ile nyeupe, akamhakikishia kwamba wameiwahi. Kisha akamwuliza kama kwao yuko ndugu anayetumia dawa ya aina hii, maana tabia hii ya macho mara nyingi hufuata damu.

Rangi hakupita nyumbani. Alikwenda moja kwa moja karakanani, akazima swichi ya mashine, jambo ambalo hakuna mtu aliyethubutu kulifanya tangu enzi za baba yao, akayasema yote mbele ya Mzee Kijana. Alimwomba kaka yake waende wote kesho yake, akapimwe tu.

"Presha ninayo moja," Nondo alisema, "ya kukulisha wewe."

Akawasha mashine. Lakini Mzee Kijana hakucheka. Alitoa kichupa chake kutoka mfuko wa shati, akakitazama, akakiacha juu ya meza ya vyuma. Alisema macho yake mekundu mkewe keshayazoea, akimwona na meupe atadhani ameletewa mume mwingine. Siku iliyofuata alipita zahanati, akapimwa, akaonekana yu salama. Alipata bahati, na alijua.

Nondo hakwenda. Kila alipojaribu kupitisha siku bila tone, wekundu ulirudi umeongezeka, naye akaona huo ndio ushahidi kwamba macho yake yanaidai dawa. Alitia asubuhi kama mtu anavyopiga mswaki. Rangi alimsihi, akamsema, akamnunia. Mara mbili alimwibia chupa akaimwaga. Mara zote mbili Nondo alinunua nyingine. Rangi alimwendea wifi yake, mke wa Nondo, naye akasema mume wake si mtoto wa kuvutwa sikio, na mbona macho yake yanang'aa kuliko ya wote. Mwaka ukageuka.

Mtu mwingine angeshtuka mapema. Mshonaji angeshtuka, dereva angeshtuka. Lakini fundi wa kuchomelea huishi ndani ya kidirisha. Akishusha kofia usoni, dunia yake inakuwa kioo cheusi kisichozidi kiganja, na ndani ya kioo hicho haoni ila moto na kipande kidogo cha chuma kinachoyeyuka. Nondo alikuwa ameishi hivyo tangu ndevu hazijaota. Kutoona pembeni ndiyo ilikuwa kazi yake. Kwa hiyo dunia ilipoanza kusinyaa hata kofia ikiwa imevuliwa, yeye hakuona kilichopungua. Alichoona ni kwamba watu siku hizi wanaacha vitu njiani.

Alipiga teke ndoo ya rangi, akamtukana Rangi. Aligonga bega kwenye fremu ya mlango ambao aliutengeneza mwenyewe. Alikanyaga sahani ya mwanawe wa mwisho aliyekuwa akila sakafuni kando yake, mtoto akalia, naye akauliza nani kaiweka sahani hapo. Wifi alianza kumsimulia Rangi mambo haya kwa sauti ya chini: kwamba Nondo anapapasa kikombe mezani, kwamba jioni akitoka nje husimama kwanza mlangoni, kama mtu anayesubiri kuitwa.

Ndipo ikaja kazi ya shule. Shule ya wasichana ilikuwa imeongeza ghorofa, na varanda ya juu ilihitaji uzio wa chuma kutoka mwanzo hadi mwisho, ngazi zote mbili zikiwemo. Ilikuwa kazi kubwa kuliko zote walizowahi kupata. Nondo aliipokea kifua mbele. Alisema mishono yote atachomelea mwenyewe, Mzee Kijana akate na kushikiza tu.

Vipande vya kwanza vilipomfikia Rangi, alichukua nyundo yake ndogo akaanza kugonga gamba kama alivyozoea. Gamba likatoka, akaona kiungo kimeachwa wazi. Mshono ulikuwepo, mzuri, umejipanga kama magamba ya samaki, mkono wa fundi hasa. Ila ulikuwa umekaa kando ya kiungo, juu ya chuma kitupu, kwa upana wa kidole. Kiungo chenyewe kilikuwa kimeshikwa na nukta mbili za Mzee Kijana. Rangi aligonga cha pili. Cha tatu kilikuwa sawa. Mshono wa cha nne ulikuwa umeanza ndani ya kiungo ukatoka nje katikati ya safari. Akasimamisha kipande kimoja ukutani, akakisukuma kwa goti, si kwa nguvu. Nguzo ya katikati ikang'oka ikaanguka miguuni pake.

Mtoto wa shule huegemea uzio. Huukalia. Husukumana na mwenzake hapo akicheka. Rangi aliiokota ile nguzo, akaiweka kando.

Alimngoja Mzee Kijana atoke kwenda kula, akamwita Nondo.

"Kaka, nitazame pua."

"Una nini wewe?"

"Nitazame pua, usigeuze macho." Aliinyoosha mikono yake yote miwili pembeni, akainua vidole, akaanza kuisogeza mbele pole pole. "Ukiviona vidole vyangu, sema."

Nondo alimtazama pua. Vidole vilipita usawa wa masikio yake, vikapita mashavu. Hakusema. Nje, mtu alikuwa akisukuma toroli. Mkono wa kulia wa Rangi ulipokaribia kumgusa nyusi ndipo kaka yake aliporudisha kichwa nyuma kwa nguvu, kama aliyerushiwa jiwe.

Nondo aliketi juu ya rundo la mabomba, akainua kiganja chake mwenyewe pembeni mwa kichwa, akakichezesha, akakisogeza, akakichezesha tena. Rangi aligeuka ukutani. Yapo mambo ambayo hata dada hapaswi kuyatazama.

"Mshono unapotea," Nondo alisema hatimaye. "Nikiwa ndani ya kofia, ule mstari unafifia. Nafikiri nipo juu yake."

"Twende sasa hivi. Bado kuna kilichobaki."

"Baada ya kazi hii."

"Kaka."

"Ziba kwa puti, paka rangi. Nitarudia ile mibovu. Wakisikia sioni, nani ataleta hata kiti cha kuunga? Nina watoto, Rangi. Nina huyu mzee na mkewe. Baba aliniachia hii." Sauti yake ilikuwa imeshuka kuliko alivyowahi kumsikia. "Hili liwe la kwetu wawili."

Rangi alimpa muda, si kwa kukubali bali kwa sababu hakuweza kumkatalia akiwa ameketi vile. Alimwambia hapaki kitu mpaka kila mshono urudiwe na Mzee Kijana, na kwamba Jumatatu wanaenda zahanati. Nondo akasema sawa. Jumamosi alimtuma Rangi upande wa pili wa mji kutafuta rangi ya kijani iliyokuwa haipatikani. Aliporudi na makopo yake, sehemu waliyoegemeza vipande vya uzio ilikuwa tupu. Kopo la rangi ya zamani lilikuwa limemwagika sakafuni, na Mzee Kijana alikuwa ameketi mlangoni na brashi ya Rangi mkononi.

Hakukana. Alisema Nondo alirudia mingine, si yote, na kwamba gari lilikuja wakati puti haijakauka. "Wewe ni damu yake," alisema. "Utamgombeza, kesho mtakula sahani moja. Mimi ni mtu wa kuambiwa asante, kwaheri."

Jumatatu asubuhi Nondo hakuonekana zahanati wala nyumbani. Rangi alikata shauri akaenda shuleni. Ilikuwa saa ya mapumziko. Uzio ulikuwa umekwisha kufungwa varanda ya juu, unang'aa, na wasichana walikuwa wameuegemea kwa viwiko, mstari mzima, sare kwa sare, wengine wakiwa wamewapa mgongo uwanja wa saruji chini na kuegemeza uzito wao wote. Mmoja alikuwa amekanyaga bomba la chini la uzio ili amrushie mwenzake embe. Rangi alitaka kupiga kelele, akaona kelele itawafanya wageuke kwa pamoja. Alipanda ngazi akishika ukuta, akaingia ofisini bila kubisha.

Alimwambia mwalimu mkuu kila kitu. Hakusema kuna hitilafu, hakusema yafaa paangaliwe. Alisema kaka yangu aliyechomelea uzio huu haoni vizuri, mishono mingi haikushika, na watoto waondoke pale sasa, bila kukimbia. Mwalimu mkuu alimtazama kama anayemwona mtu akijikata mkono mwenyewe. Kisha akatoka akawaita wasichana madarasani kwa sauti ya kawaida. Baadaye mtunza majengo alikuja na nyundo. Alipogonga nguzo ya nne, kipande kizima kilichomoka, kikaning'inia, kikaanguka uwanjani. Hapakuwa na mtu chini. Kishindo chake kilisikika mpaka barabarani.

Habari haikuhitaji kutiwa chumvi. Shule ilivunja makubaliano. Mwenye nyumba aliyeagiza madirisha akatuma neno kwamba amepata fundi mwingine. Wa mageti naye hakutuma hata neno. Mzee Kijana alichukua vifaa vyake akaaga kwa heshima. Wifi ndiye aliyempeleka Nondo hospitali kubwa, sasa kwa kuwa hapakuwa na kazi ya kusingizia.

Jicho la kulia lilikuwa limekwisha. La kushoto liliona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Daktari aliwaeleza kwamba presha ilikuwa juu muda mrefu, na juu ya hayo dawa ilikuwa imeanza kumletea mtoto wa jicho. Huyo anaweza kutolewa kwa upasuaji, mshipa uliokufa haufufuki. Steroidi zilisitishwa. Alipewa matone mengine ya kutumia maisha yake yote kulinda kile kilichosalia. Nondo aliuliza swali moja tu, kama akiacha ile dawa nyeupe kabisa kabisa, pembeni patarudi. Daktari alisema hapana.

Wiki iliyofuata baba mkubwa aliitisha kikao sebuleni kwa mama. Kilikuwa kikao cha heshima, milango imefungwa, watoto wametolewa nje. Baba mkubwa alizungumza kwanza na alizungumza sana. Alisema mambo ya ukoo hayaanikwi juani. Alisema hakuna aliyekataa kwamba uzio ulikuwa mbovu, lakini zilikuwepo njia: angekuja kwake yeye, angemwambia mama, wangetafuta lugha ya kumweleza yule mwalimu, fundi mwingine angekwenda kimya kimya kurekebisha. Binti huyu badala yake alikwenda na mdomo wazi akammaliza kaka yake. Akataka aombe radhi, mkono ushikwe, yaishe.

Rangi aliuliza fundi huyo wa kimya kimya angekwenda lini, kabla ya mapumziko au baada yake. Baba mkubwa alisema hayo ndiyo majibu aliyokuwa akiyasemea.

Wifi alilia bila sauti, akapangusa macho kwa upindo wa kanga. Alisema ungeniambia mimi, wifi. Rangi alimkumbusha, kwa upole, kwamba alimwambia. Wifi akatikisa kichwa, akasema si kwa namna ile.

Nondo alikuwa kwenye kiti cha marehemu baba yao, uso ameuelekeza mahali ambapo dada yake alikuwa amekaa mwanzo, kabla hajahamia upande wa mama. Hakuna aliyemwambia. Macho yake yalikuwa mekundu kidogo sasa, mekundu ya kawaida, ya mtu aliyelala vibaya.

"Ningeanguka mwenyewe," alikiambia kile kiti kitupu. "Siku moja ningeanguka, watu wakanionea huruma. Wewe umenivua nguo mbele ya wateja wangu. Nilikuomba. Mimi, nilikuomba wewe."

"Uliniomba," Rangi alisema, na kaka yake akageuza uso kuifuata sauti. "Na kesho asubuhi nitakuja kukutia dawa, na keshokutwa, mpaka mkono wako uzoee kulijua jicho. Siku ya kupimwa nitakushika mkono. Hilo huhitaji kuliomba."

Mama alimsogelea akamshika goti. Vidole vyake vilikuwa vya baridi. Alisema kwamba hakuna anayetaka mengi. Neno moja tu, mwanangu, dogo, mdomo haupasuki, mwenzio apate mahali pa kuegemeza moyo, nasi tufungue milango hii tuwaite watoto waje kula.

Rangi aliushika mkono wa mama yake, akaupasha joto kati ya viganja vyake viwili, akaurudisha pajani mwa mama.

"Hapana, Mama. Angekuwa baba mwenyewe aliyechomelea, ningepanda ngazi zile zile. Siombi radhi."